Je, wajua kwa nini msomi aliyebobea huweza kuwa mhadhiri asiyeeleweka?

Chagua wimbo unaojulikana na kila mtu, kisha ugonge mapigo yake mezani kwa vidole. Wewe unausikia wote kichwani, sauti na maneno. Aliye mbele yako anasikia ko-ko-ko tu. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watu kazi hiyo hiyo. Wagongaji walikisia kwamba wasikilizaji wangetambua nusu ya nyimbo. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3.

Mhadhiri mpya ndiye mgongaji. Amezama miaka mingi katika mada yake, hata hatua zilizowahi kumtoa jasho anaziruka bila kujijua. Anaandika ubaoni mstari wa kwanza wa hesabu, kisha unaofuata unakuwa kama wa nne, huku akisema, "Hapo ni wazi." Wanafunzi wananakili. "Mmeelewa?" Kimya. Naye anakichukua kile kimya kuwa ni ndiyo, anafuta ubao.

Si uvivu wala dharau. Shahada ya uzamivu humwandaa mtu kufanya utafiti, na vyuo vingi huona hiyo inatosha kumpa darasa. Ajabu ni kwamba mwalimu wa watoto wadogo kwa kawaida hutakiwa awe amesomea ualimu, lakini wa chuo kikuu mara nyingi huingia ukumbini akitegemea kumbukumbu ya jinsi alivyofundishwa yeye.

Mambo yasipokwenda, dawa inayomjia kwanza ni kuongeza slaidi. Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewafuatilia wahadhiri wapya kwa miaka mingi, aliliona hilo tena na tena: wanaandaa mno, wanakimbia ili wamalize, maswali yanakosa nafasi na utafiti wao unalala. Wachache walioanza vizuri walikuwa na maandalizi ya kiasi, waliwapa wanafunzi nafasi ya kusema, na waliandika utafiti wao kidogo kidogo mara kwa mara badala ya kungoja likizo.

Hata mzoefu hasalimiki. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alikuwa akisifiwa sana na wanafunzi wake. Halafu akagundua kwamba wanakokotoa maswali magumu ya fomula huku wakikosa maswali mepesi kuhusu maana ya kani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akabadili mtindo: anauliza swali, kila mmoja anachagua jibu peke yake, anajadiliana na jirani yake, kisha wanachagua tena. Jirani ana faida moja ambayo profesa ameshaipoteza: ameelewa sasa hivi, kwa hiyo bado anakumbuka palipomkwamisha.

Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Katika madarasa ya kusikiliza mihadhara tu, walioshindwa kozi walikuwa takriban asilimia 34. Pale wanafunzi waliposhirikishwa, asilimia 22.

Lakini kuna mtego, na kwa maoni yangu ndio unaowarudisha nyuma wahadhiri wengi wapya. Utafiti uliofanyika Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanafunzi walioshirikishwa walijifunza zaidi, ila wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mihadhara tu. Kuhangaika na swali kunachosha. Kumsikiliza mzungumzaji fasaha kunaburudisha. Basi mhadhiri anayethubutu kubadilika anaweza kuambulia alama mbaya kwenye fomu za tathmini mwisho wa muhula. Mkuu wa idara asiyelijua hili atamwita ofisini na kumtaka arudi kwenye slaidi zake.

Ndiyo maana semina ya siku mbili ya kuwakaribisha wahadhiri wapya haitoshi. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha kituo cha kusaidia ufundishaji mwaka 1962, na vituo vya namna hiyo vimeenea. Huduma mojawapo inayofaa sana ni ya katikati ya muhula: mtu wa nje anaingia darasani, mhadhiri anatoka, wanafunzi wanaulizwa kinachowasaidia, kinachowakwamisha na kinachopaswa kubadilishwa. Majibu humfikia mhadhiri peke yake, hayaingii kwenye faili la kupandishwa cheo. Mlezi wake, yaani mhadhiri mzoefu anayemwongoza kazini, naye afadhali asiwe miongoni mwa watakaompigia kura ya cheo hicho, la sivyo mhadhiri mpya hatathubutu kumwambia kwamba darasa linamshinda.

Kwa upande wa wanafunzi, "Mmeelewa?" ni swali la kuachwa kabisa. Dakika mbili za mwisho zinatosha kumpa kila mmoja kipande cha karatasi, aandike bila jina jambo moja ambalo bado halijamkaa sawa. Zikirudi karatasi arobaini na thelathini kati yake zikataja jambo lile lile, kipindi kijacho kinaanzia hapo, hata kama silabasi inasema vingine.