Kabla ya Kuilaumu Stata

Magari mengi yanayoletwa kwenye karakana yangu hapa Nairobi yakiwa yamevutwa kwa kamba huja na hukumu iliyokwisha kutolewa, kwamba stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, imekufa. Mwenye gari ameambiwa hivyo na mlinzi wa maegesho, akaambiwa tena na dereva wa bodaboda aliyesimama kutazama, na mara nyingine ameshapewa hata bei ya stata ya mtumba kutoka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu tungali tunaiita Grogan. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na kwa uzoefu wangu hakuna kifaa kinachosingiziwa kama stata, kwa kuwa ndiyo inayonyamaza mbele ya watu hata pale ambapo kosa ni la betri, la waya au la swichi ndogo iliyofichwa kwenye giaboksi.

Jambo la kwanza ninalomwuliza mteja ni alichokisikia alipozungusha ufunguo. Mlio wa tik-tik-tik wa harakaharaka, huku taa za dashibodi zikififia, karibu kila mara unatokana na betri iliyoishiwa na moto au terminali iliyolegea: solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, volti zinapanda, nayo inavuta tena. Mlio mmoja mzito wa "tak", kisha kimya, ilhali taa zingali zinang'aa, ni habari nyingine kabisa. Hapo solenoidi imevuta ila umeme mkubwa haufiki kwenye mota, na ndipo ninapoanza kuishuku stata yenyewe. Ikiwa mota inasikika ikizunguka kwa kasi na injini haitikisiki, bendiksi, ile gia ndogo ya stata inayoishika injini, inateleza. Ukisikia chuma kikisagana na chuma, acha kujaribu mara moja, kwa sababu meno ya flaiwili, gurudumu la injini linalozungushwa na bendiksi, yakiliwa itabidi giaboksi ishushwe, na gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya stata. Kimya kitupu bila hata "tak" hunipeleka kwanza kwenye lever ya gia, kwani gari la otomatiki huruhusu stata kupata umeme katika P (kuegesha) na N (gia huru) pekee, na swichi inayosimamia jambo hilo ikichakaa gari hukataa katika P na kukubali katika N.

Baada ya masikio huja mita. Betri iliyopumzika na kujaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha, na hakuna haja ya kuendelea na uchunguzi wowote kabla ya kuichaji. Kisha namwomba mtu apige stata huku nikiitazama mita. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 wakati injini inazungushwa. Ikishuka hadi 7, ama betri imechoka ama kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi. Ikibaki juu ya 12 ilhali injini haigeuki, basi umeme haujatoka, na lazima tuufuate njiani ulikokwama.

Hatua hii ya kuufuata umeme ndiyo inayorukwa na wengi, nami niliwahi kuiruka kwa aibu. Asubuhi moja ya Julai, baridi ile ya Nairobi inayofanya vidole vikatae kushika spana, nilifungua stata ya gari dogo la mizigo, nikaisafisha, nikaifunga, na gari likawa vilevile. Niliifungua tena nikafunga nyingine, na bado likawa vilevile. Tatizo lilikuwa waya mnene wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini, ambao chini ya plastiki yake ulikuwa umeoza na kubakiza nyuzi chache tu. Nilikuwa nimeupima kwa omu nikaambiwa ni mzima, kwa sababu hata uzi mmoja unatosha kuifurahisha mita isiyobeba mzigo. Stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 150, na kwa mkondo huo ukinzani wa omu 0.01 peke yake hula volti 1.5. Tangu siku hiyo hupima upotevu wa volti wakati stata inapigwa: ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata. Ikizidi volti 0.3, natafuta kutu au nati iliyolegea. Upande wa chanya nakubali hadi 0.5. Kipimo hiki hakichukui hata dakika tano.

Ikiwa waya ni wazima na volti zinafika kwenye stata lakini haizunguki, sasa inastahili kufunguliwa. Waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza, bila mjadala, kwa kuwa waya mnene unaoingia kwenye stata kwa kawaida hauna fyuzi, na spana ikigusa bodi utaona cheche za kuchomelea. Pete ya kidoleni pia ivuliwe.

Katika stata za Denso zinazopatikana kwenye Toyota nyingi za barabara zetu, mimi huanza na kifuniko cha solenoidi. Ndani yake mna vipande viwili vya shaba ambavyo hukutanishwa na sahani ya plunja, chuma kinachovutwa na solenoidi, kila ufunguo unapozungushwa, na kila mkutano huacha kovu dogo la cheche. Baada ya miaka, kipande kimoja huliwa kuliko kingine, sahani inagusa upande mmoja tu, na ndipo unaposikia ile "tak" isiyofuatwa na chochote. Vipande hivi huuzwa peke yake kwa sehemu ndogo ya bei ya stata, kwa hiyo sioni sababu ya kumuuzia mteja stata ya mtumba ambayo huenda shaba yake imeliwa vilevile. Nabadilisha vyote viwili kwa pamoja na kuikagua plunja.

Shaba zikiwa nzima, nafungua nyuma nitazame brashi za kaboni, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikiwa fupi kiasi kwamba springi haizisukumi tena, mota hufa, na mara nyingi ndiyo ile stata inayofufuka ikigongwa kwa nyundo. Kugonga huko kutakufikisha karakana, si zaidi. Komuteta, yaani shaba ya duara inayoguswa na brashi, ikiwa nyeusi naisugua kwa msasa laini na kuondoa vumbi kati ya vipande vyake. Kisha napima kati ya komuteta na shafti: mita ikionyesha njia, waya za amecha, ile sehemu inayozunguka, zimegusa chuma, na hapo kweli stata imekufa. Bushi zinazoshika shafti zikilika, amecha hukwaruza nguzo za sumaku na stata huzunguka kwa uvivu hata betri ikiwa mpya. Bendiksi ifutwe kwa kitambaa tu. Nikiwa mwanafunzi wa ufundi niliiosha kwa petroli hadi ikametameta, nikaondoa grisi iliyofungiwa ndani kiwandani, na haikupita muda ikaanza kuteleza. Fundi wangu hakunipa kazi nyingine ila kufagia kwa wiki nzima.

Kabla ya kuirudisha, naibana kwenye jiliwa na kuipa umeme kwa sekunde mbili au tatu, kwa maana stata isiyobanwa huruka kutoka mezani ikazunguka na waya zake. Bendiksi ichomoze, mota izunguke bila kukwaruza, na irudi pindi umeme unapokatwa. Kwenye gari nasafisha mahali inapokaa hadi chuma kionekane, kwa kuwa mwili wake ndio njia yake ya hasi, nafunga waya, na hasi ya betri inakuwa ya mwisho. Mteja namwelekeza asipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na akikosa aipumzishe nusu dakika au zaidi, maana joto ndilo linalounguza waya za amecha. Halafu napima tena volti wakati wa kupiga stata na upotevu wa kila upande, nikiziandika namba hizo nyuma ya risiti, ili fundi yeyote atakayelifungua gari hilo baadaye awe na cha kulinganisha.