Mkumbushaji wa Mfalme na Vyeo Vingine vya Kumbukumbu Uingereza

Katika Kiswahili, neno kumbukumbu hutumika kwa jambo lililobaki akilini na pia kwa hati iliyohifadhiwa masijala, na sisi watunza nyaraka tumelizoea kiasi cha kutoliona ajabu. Waingereza nao wana kisa cha namna hiyo. Neno lao la kumbukumbu za maandishi, "record", limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukumbuka, na ndani ya kitenzi hicho mna neno "moyo". Katika mahakama zao za kale lilimaanisha kauli ya mdomo ya majaji wakieleza yaliyopita mbele yao. Rekoda wa London, cheo kilichopo tangu 1298, alitakiwa kuzitamka mila za jiji mbele ya majaji wa mfalme, na tamko lake lilipokewa kuwa ushahidi.

Cheo kinachonivutia zaidi ni cha Mkumbushaji wa Mfalme, ambacho huhesabiwa kuanzia 1154, mwaka aliotawazwa Henry II. Kazi yake ilikuwa kuwakumbusha wakuu wa Hazina madeni ambayo Ufalme ulikuwa haujalipwa. Hesabu zilifanyiwa juu ya kitambaa cha mirabaraba, mfano wa ubao wa drafti, na deni liliandikwa kwa kuchanja alama katika kijiti, ambacho kilipasuliwa kwa urefu ili kila upande ubaki na kipande chake; siku ya kulipa, vipande viwili vilipolingana, hapakuwa na wa kubisha.

Cheo hicho hakijafutwa. Siku hizi hushikiliwa na ofisa mwandamizi wa Mahakama Kuu, na kila mwaka hupokea kodi za kale kutoka Jiji la London: visu viwili, kimoja butu na kimoja kikali, kwa ajili ya ardhi iliyoko Shropshire, kodi inayorudi nyuma hadi 1211; kisha viatu 6 vya farasi na misumari 61, kwa ajili ya kiwanja cha mhunzi kilichokuwa karibu na mtaa wa Strand, tangu 1235. Misumari huhesabiwa mmoja mmoja hadharani, na visu hujaribiwa kwenye kijiti.

Vijiti vyenyewe vilikuwa na mwisho mbaya. Matumizi yake yalikoma 1826, na tarehe 16 Oktoba 1834 viliamriwa kuchomwa katika matanuri yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Mabwana, baraza la juu la Bunge; moto ukazidi, ukateketeza Bunge. Miaka minne baadaye sheria iliunda Ofisi ya Kumbukumbu za Umma, ikaiweka chini ya Mkuu wa Magombo, jaji ambaye jina la cheo chake limetokana na ngozi zilizokunjwa ambamo hati za mfalme ziliandikwa.