Matairi Juu ya Banda la Kuku

Mama mmoja wa Mtongwe, hapa Mombasa, alituita sisi wahudumu wa mifugo akiwa na hakika kwamba jirani amemrogea kuku. Saba walikuwa wamejikunyata pembeni mwa banda, macho yamezibwa na vigaga, undu umejaa vinundu vyeusi kama punje za pilipili manga. Ilikuwa ndui ya kuku. Nikapanda juu ya kigoda kuangalia paa: matairi mawili makuukuu, yamewekwa ili upepo wa kusi usipeperushe mabati. Nilipoinamisha moja, maji yalimwagika na viluwiluwi wa mbu tele.

Mbu akimfyonza kuku mwenye ndui, virusi hubaki mdomoni mwake na aweza kuwaambukiza wengine kwa wiki kadhaa. Binadamu hadhuriki na ndui hiyo. Wagonjwa tuliwatenga, wazima tukawachanja kwenye utando wa bawa, na matairi yakabadilishwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo hayashiki maji. Habari za jirani sikuziingilia.

Sisi huwaza mbu wa malaria na wa denge, tukasahau kuwa mifugo nao huumwa, tena hawana neti. Na mbu si mmoja. Maji ya mfereji huku kwetu huja kwa zamu, kwa hiyo kila nyumba ina mapipa na madumu. Hapo ndipo Aedes, mbu wa mchana mwenye madoadoa meupe, hutaga ukingoni juu kidogo ya maji. Mayai yake hukaa makavu kwa miezi na kuanguliwa maji yakirudi, ndiyo maana kumwaga pipa hakutoshi; lisugue kwa ndani. Vifuu vya madafu vinavyotupwa nyuma ya kibanda navyo ni nyumba yake.

Culex, mbu wa aina nyingine, yeye hutaka uchafu: mtaro ulioziba, choo cha shimo, dimbwi la mkojo na samadi nyuma ya zizi. Huuma usiku, wakati ng'ombe amefungwa na hana pa kukimbilia. Nimeona mazizi Kisauni yanaoshwa vizuri kila asubuhi, kisha maji yote yanaachwa yatuame hatua tatu tu kutoka kwa ndama. Chimba mfereji uyapeleke mbali. Kwa joto letu, yai huwa mbu arukaye kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo kagua kila wiki.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Kuna Aedes wa nyikani ambao hutaga kwenye mabonde yanayofurika, na virusi hupita ndani ya mayai yao. Mayai hayo hulala udongoni miaka mingi. Mafuriko yakija, huanguliwa kwa pamoja na kuambukiza mifugo, kisha Culex hupokea kazi. Ndivyo ilivyokuwa Garissa mwishoni mwa 2006, na hadi mapema 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini.

Mombasa haina mabonde hayo, lakini ina wageni. Kabla ya Idi ya kuchinja, mbuzi hushushwa hapa kwa malori kutoka Garissa na Tana River, na Culex wetu wapo tayari. Uliza mbuzi ametoka wapi, na kama huko kulifurika. Mbuzi au kondoo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, au wana-kondoo wakifa ovyo, usishike chochote kwa mikono mitupu, usimwahi mgonjwa kwa kisu ili usipate hasara, chemsha maziwa, na mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Chanjo ipo, ila hutolewa mapema, kabla ya masika au vuli. Ugonjwa ukishaingia hatuchanji, kwa kuwa sindano inayotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine hueneza virusi kama mbu. Mnyama mwenye mimba naye hachanjwi kwa ile ya virusi hai, maana yaweza kumfanya aitupe.