Programu ya kanzidata ya majukwaa mengi: maana yake, na zana za kuijengea

Hii ni programu ya kutunza na kutafuta kumbukumbu ambayo msimbo wake huandikwa mara moja, ukatumika kwenye mifumo endeshi tofauti: Windows, Linux, Android, iOS. Chukua duka la vipuri Kariakoo. Kaunta ina kompyuta ya Windows, wa stoo Buguruni ana simu ya Android, mwenye duka yuko Mbezi na iPhone yake. Wote wanatazama mzigo uleule.

Watengenezaji wengi huanza kwa kubishana kuhusu Flutter na React Native, zana mbili za kuandikia programu za aina hii. Mimi naona swali la kwanza ni jingine: data itakaa wapi, na mtandao ukikatika kaunta itauza vipi?

SQLite, iliyopo tangu 2000, ni kanzidata nzima ndani ya faili moja. Haihitaji seva (kompyuta kuu inayohudumia vifaa vingine) wala leseni ya kulipia, na Android huja nayo. Ila huruhusu kuandika kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na faili lake likiwekwa kwenye folda ya mtandao lifunguliwe na kompyuta kadhaa, data inaweza kuharibika. Watumiaji wakiwa wengi, tumia kanzidata ya seva kama PostgreSQL au MySQL. Kwa Dar, ambako umeme na intaneti hukatika mchana wa biashara, napendekeza zote mbili: SQLite kwenye kila kifaa, PostgreSQL kwenye seva, kisha data isawazishwe, yaani ilinganishwe na kuunganishwa, mtandao ukirudi.

Kazi ngumu iko kwenye kusawazisha. Tuseme pampu zilikuwa 5. Kaunta imeuza pampu moja, stoo nayo imemtolea fundi moja, na wote hawana mtandao. Kila kifaa kikiandika "zimebaki 4", pampu moja imepotea kwenye hesabu. Hifadhi matukio badala ya salio: imetoka 1, imetoka 1, imeingia 10. Namba za risiti vilevile: kila kifaa kikihesabu chenyewe kuanzia 1, zitagongana. Tumia UUID, namba ndefu ya kipekee ambayo kila kifaa hujitengenezea, kutambulisha kila kumbukumbu.

Baada ya hapo zana huchaguliwa kwa urahisi zaidi. Flutter ya Google, iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2018, hutumia lugha ya Dart na hufika simu na kompyuta. React Native, ya 2015, humfaa anayejua lugha ya JavaScript. Kwa kompyuta pekee, Lazarus ni ya bure na ina vifaa vya fomu za kanzidata tayari. Microsoft Access hufanya kazi Windows tu, kwa hiyo wa stoo ataachwa nje. Hakikisha pia zana ina kiunganishi (sehemu inayoiwezesha kuwasiliana) cha kanzidata yako kwenye kila jukwaa unalolenga, kwani huko ndiko miradi mingi hukwama.

Kuhusu iPhone, kuijengea programu kwa kawaida kunahitaji Mac yenye Xcode (zana ya Apple ya kutengenezea programu), na kuiweka App Store ni dola 99 kwa mwaka. Kama mwenye duka anataka kuona mauzo tu, mtengenezee ukurasa wa kivinjari unaosoma kutoka kwenye seva.