Rejista ya Windows ni nini, na je, ndiyo inayofanya kompyuta kuwa nzito?

Kompyuta ya nyumbani ikianza kukwamakwama, iwe Langoni au Mkomani hapa Lamu, hukawii kuambiwa: "Rejista imechafuka, inataka kusafishwa." Zipo hata programu za kazi hiyo zinazozunguka kwenye flashi, ukizifungua zinakutolea mamia ya "makosa" kwa maandishi mekundu. Kabla hujatoa pesa, jua kwanza hiyo rejista ni kitu gani.

Ni hifadhi ya mipangilio ya Windows. Zamani kila programu iliweka mipangilio yake kwenye kifaili chake chenye jina linaloishia na .ini, vikatapakaa kila mahali. Rejista ikaingia kwa kiasi kidogo katika Windows 3.1 mwaka 1992, na ilipotoka Windows 95 ikawa ndiyo tegemeo. Imegawanywa kwa matawi. HKEY_LOCAL_MACHINE lina mipangilio ya mashine nzima. HKEY_CURRENT_USER ni la yule aliyeingia wakati huo. Ndiyo maana akaunti ya baba yaweza kusumbua na ya mtoto ikaenda vizuri kwenye kompyuta ileile.

Ukitaka kuiona, andika regedit kwenye sehemu ya kutafutia, fungua HKEY_CURRENT_USER, kisha Control Panel, kisha Desktop. Humo mna mstari wa Wallpaper, na mbele yake njia ya faili ya ile picha ya jahazi uliyoweka kwenye skrini. Tazama tu, usifute kitu.

Sasa, uzito. Windows haiisomi rejista yote kila mara. Huenda moja kwa moja kwenye mstari inaouhitaji. Mabaki ya programu ulizoziondoa ni maandishi machache tu, kuyafuta hakuongezi kasi. Hatari ni kufuta mstari unaotumika, printa ikagoma au Windows isiwake kabisa. Microsoft wenyewe hawaungi mkono programu hizo za kusafisha.

Kuna tawi moja lenye uhusiano na uzito kweli, nalo ni Run: programu zilizojiandikisha humo hujiwasha pamoja na kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye orodha ya zinazojiwasha (Startup), uzime usizozihitaji. Kinga ya virusi iache.

Rejista ikiharibika kweli, dalili huwa nyingine: Windows haiwaki, au kila programu inatoa ujumbe wa kosa. Stima ikikatika ghafla kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, hilo laweza kutokea, hasa kwa laptopu yenye betri iliyokufa. Tiba yake ni kuurudisha mfumo kwenye hali ya siku ulipokuwa mzima, kwa huduma iitwayo System Restore: Windows ikiwa bado inawaka, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika rstrui, uchague tarehe; isipowaka, huduma hiyo hupatikana kwenye skrini ya matengenezo ya Windows. Lakini huduma hiyo lazima iwe imewashwa kabla ya kuharibika, na kompyuta nyingi huwa imezimwa. Iangalie leo.

Kama hakuna dalili hizo, rudi kwenye dirisha lile la Ctrl, Shift na Esc utazame diski. Ikikaa kwenye 100% nawe hujafungua chochote, na ni diski ya zamani ya kuzunguka, nakili picha na hati zako mahali pengine kwanza, halafu mwambie fundi akuwekee SSD, yaani diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi.