Virusi vya kupe huazima vifaa vya seli zetu

Jina la jiji letu limo katika vitabu vya virusi dunia nzima. Mwaka 1910 ugonjwa wa kondoo wa kuhara na homa kali ulitambuliwa hapa Nairobi, na muenezaji wake ni kupe wa kahawia wa masikioni, yule yule anayewaletea ng'ombe ndigana kali. Jamii nzima ya virusi vya aina hiyo ikaitwa nairovirusi. Humo pia wamo virusi vya homa ya Crimea-Congo, vinavyoua watu 10 hadi 40 katika kila wagonjwa 100.

Wachinjaji huniuliza kitu kidogo hivyo kinamwangushaje mtu mzima. Nawajibu kwamba hakifanyi kazi peke yake.

Virusi hivi vina vipande 3 tu vya RNA, yaani kemikali inayobeba maagizo ya urithi. Havina mtambo wa kutengeneza protini wala nishati yao wenyewe, basi huazima vya seli. Mlango kwanza: mwaka 2024 watafiti walionyesha kuwa virusi vya Crimea-Congo hushika kipokezi ambacho seli hutumia kuvuta lehemu kutoka kwenye damu. Ini lina vipokezi hivyo kwa wingi, na ini ndilo huumia sana.

Vikiingia, hufuata wizi unaonishangaza hadi leo. Ujumbe wa seli, yaani nakala ya RNA yenye maagizo ya kutengeneza protini, hubeba kofia ya kikemikali kichwani, na ribosomu, ule mtambo wa kutengeneza protini, huitumia kuutambua. Kimeng'enya cha virusi hukata kofia hiyo pamoja na kipande kifupi cha ujumbe, kisha huipachika kwenye ujumbe wa virusi. Ribosomu husoma bila kushuku. Protini za ganda nazo hukatwa kwa vimeng'enya vya seli, furini kikiwemo.

Ndiyo maana tunatafuta dawa za kuziba vifaa hivyo. Virusi hubadilika haraka, kifaa cha seli hakibadiliki. Ugumu ni kwamba kifaa ni chetu na tunakihitaji. Dawa lazima imnyime mwizi bila kumuumiza mwenye nyumba.

Kwa sasa, wafugaji, ogesheni mifugo. Mchinjaji, vaa glavu hata kama mnyama ana afya, kwani ng'ombe au mbuzi mwenye virusi vya Crimea-Congo kwa kawaida haonyeshi dalili. Kupe akikung'ata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu, na usimpasue kwa vidole.