Mbu wa pipa si mbu wa mtaro

"Nyumba yangu mimi ni safi, mwanangu. Mbu watoka kule mtaroni kwa jirani."

Bibi aliyeniambia hivyo alikuwa ameketi ukumbini kwake, Majengo, hapa Mombasa, anapepeta mchele. Wajukuu wake watatu walikuwa chumbani na homa. Kuhusu usafi hakusema uongo: ua ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio yaonekana mchangani. Nikamwomba ruhusa nitazame pipa lililo kando ya bafu, lile la buluu la lita 200 ambalo karibu kila nyumba ya mji huu inalo. Maji yalikuwa meupe, chini ya pipa kwaonekana. Nikawasha tochi ya simu, nikaligonga pipa ubavuni kwa kidole. Viluwiluwi waliokuwa wamening'inia juu ya maji wakazama wote kwa mara moja, wanajikunja na kujikunjua.

Bibi akaacha ungo, akaja akainama. "Subhanallah," akasema. Kisha, baada ya kimya kidogo: "Na haya ndiyo maji tunwayo?"

Mimi ni afisa wa afya ya umma, au bibi afya kama tunavyoitwa mitaani, na nimekwisha kugonga mapipa mengi ya Kisauni, Likoni, Changamwe na hapa kisiwani. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja ningependa watu wa Mombasa wakijue kuhusu magonjwa ya kuambukiza, sitaanza na jina la kijidudu chochote. Nitasema kila ugonjwa una njia yake, na ukiziba njia isiyokuwa yake umejichosha bure. Kipindupindu hupita kinywani, kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, kwa hivyo huko kazi ni choo, sabuni, na maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kifua kikuu hupita hewani, kwa hivyo fungua madirisha. Hayo twayasema kila siku na watu wameyazoea. Tunapokosea njia ni kwenye homa za mbu, hasa dengi na chikungunya.

Katika nyumba ile ya Majengo, mjukuu wa kwanza alipougua, walimtengea kikombe na sahani yake. Usiku wakamlaza chini ya chandarua. Mchana akawa analala mkekani ukumbini, wazi, kwa kuwa chumbani kuna joto. Kwa dengi, hapo kila kitu kimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Dengi haipiti kwenye kikombe. Hubebwa na mbu mmoja mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, Aedes aegypti, na mbu huyu huuma mchana: asubuhi jua likishapanda kidogo, na tena alasiri mpaka magharibi. Usiku hulala kama sisi. Kwa hivyo mtoto yule alikingwa saa ambazo adui amelala, akaachwa wazi saa ambazo adui yuko kazini.

Tena hatari ya mtoto yule mkekani ilikuwa ya watu wengine kuliko yake mwenyewe. Yeye tayari ameshaumwa. Katika siku zile za kwanza za homa, damu yake imejaa virusi, na mbu jike akimnyonya huvibeba. Hawezi kuviambukiza hapo hapo. Virusi huhitaji siku 8 hadi 12 ndani ya mbu, mpaka vifike kwenye mate yake, na tangu hapo huwa navyo mpaka anakufa. Sasa tazama tabia yake: ni mwoga. Ukitikisa mguu anaruka, anakwenda kwa mwingine, anarudi tena. Kwa shibe moja anaweza kuuma watu watatu au wanne wa chumba kimoja. Siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu huyo, homa inaanza, na nyumba nzima inalala kwa foleni. Hapo ndipo majirani huanza kunong'ona habari za kijicho na upepo mbaya. Mimi sibishani nao kuhusu kijicho. Ninaomba tu nilione pipa.

Kwa hivyo mgonjwa wa dengi ndiye wa kuwekewa chandarua, na awekewe mchana. Kitamkera kwa joto, najua. Mpepeeni.

Tuje kwenye mtaro. Mtaro wenye maji meusi una mbu wake, wale wanaopiga kelele masikioni usiku kucha. Hao ni ukoo mwingine, Culex, na huku pwani ndio wanaobeba vijidudu vya matende na mabusha, basi sisemi tuwapende. Mbu wa malaria, Anopheles, naye huuma usiku na hupenda vidimbwi vya nje vilivyotulia. Mbu wa dengi hataki uchafu. Anataka maji safi, ya kivulini, karibu na watu: pipa, tangi lisilo na kifuniko, sahani ya chini ya chungu cha maua, tairi lililotupwa nyuma ya gereji, hata kifuu cha nazi kilichoachwa kikinga mvua. Mara nyingi maisha yake yote hayazidi mita mia mbili kutoka mahali alipozaliwa. Ukiumwa na mbu huyu sebuleni kwako, uwezekano mkubwa ni kwamba amezaliwa kwako au kwa jirani mnayegawana ukuta.

Hapa Mombasa tuna sababu ya kuweka maji, na si uvivu. Maji yetu yatoka mbali: Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na Baricho kando ya mto Sabaki. Mfereji ukitoa leo, kesho huenda ukakohoa hewa tu. Mwenye mkokoteni anapita na mitungi yake ya lita 20 na bei yake hupanda kadiri ukame unavyozidi. Nani atakaa bila pipa? Kwa hivyo mtu akidhani homa hizi ni za mvua tu, amekosea. Mvua huleta mbu, ndiyo, lakini ukame nao huleta mapipa.

Lamu walilijua hili kwa uchungu mwaka 2004. Kulikuwa na kiangazi, watu wakiweka maji majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na chikungunya ikaingia. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikuta karibu watu 3 katika kila 4 pale mjini wameambukizwa. Mwaka huo huo ikafika Mombasa, mwaka uliofuata Komoro, kisha Réunion na Bara Hindi. Ajabu ni kuwa Lamu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na dawa yake zamani: katika birika, yaani matangi ya maji yaliyojengwa ndani ya nyumba za mawe, wazee walifuga samaki wadogo, na chini ya birika wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Virusi hawakuvijua. Walijua samaki wanakula viluwiluwi, wakatosheka na hilo.

Hata majina ya magonjwa haya yana harufu ya kwetu. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kile kinachokunja, kwa vile mgonjwa hutembea ameinama kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Na daktari James Christie, aliyekaa Unguja karne ya 19, aliandika kwamba Waswahili waliita homa iliyopita huko mwaka 1823 na tena 1870 kidinga pepo. Wako wanaosema neno la kimataifa la dengi limetoka hapo. Baadhi ya wataalamu wakisoma dalili alizozieleza wanaona zilifanana zaidi na chikungunya, na mimi naelekea kukubali. Yote mawili hukaa kwa mbu mmoja, na hata leo bila kipimo ni rahisi kuyachanganya.

Mbu mwenyewe ana historia hapa jirani. Pale Rabai, mwendo mfupi tu kutoka Mombasa, wataalamu wa miaka ya 1970 walikuta aina mbili za mbu huyu zikiishi karibu karibu: mmoja wa msituni, anayetaga kwenye matundu ya miti na kuuma wanyama, na mwingine wa nyumbani, anayetaga kwenye mitungi ya maji na kumpenda binadamu. Watafiti walirudi Rabai baadaye, wakaona hata pua zao hazifanani: wa nyumbani huvutwa na harufu yetu kuliko ya mnyama. Nikisimulia hili kwenye mikutano ya mtaa, watu hucheka. Lakini ndiyo hali halisi. Huyu ni mbu aliyetuchagua.

Mimi mwenyewe aliniadhiri Januari 2018, chikungunya ilipokuwa imetapakaa mjini tangu mwisho wa mwaka uliotangulia. Niliamka nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Vidole vilivimba, vifundo vya miguu navyo, nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Homa iliondoka kwa siku chache. Vidole vilikaa na maumivu mpaka masika. Mwenzangu wa kazini alikuja kunijulia hali, na bila kuniomba ruhusa akaanza kutembeatembea nyumbani kwangu na tochi. Akavikuta viluwiluwi kwenye ndoo niliyokuwa nimeweka chini ya bomba la kiyoyozi. Ndoo yangu. Hakusema neno, na mpaka leo nasikitika kwamba hakusema, maana ukimya ule ulinichoma zaidi.

Jambo la dawa lazima niliseme kwa ukali kidogo. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na watu wengi hununua dawa dukani kabla hawajapima. Pimeni kwanza. Malaria huua na ina tiba yake, kwa hivyo isiachwe kwa dhana, wala isitibiwe kwa dhana. Kisha kuna sindano ya maumivu. Jirani yangu mmoja alikwenda duka la dawa, sitalitaja, akiwa na homa siku ya tatu na mgongo unamkatika. Akachomwa diklofenaki bila kuulizwa swali. Kesho yake ufizi ukaanza kutoka damu, tukamkimbiza hospitali. Dengi hupunguza chembe za damu zinazogandisha, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Kwa homa ambayo bado haijajulikana, chukua parasetamoli kwa kipimo chake, na unywe sana: maji, madafu, uji mwepesi.

Na msidanganyike homa inaposhuka. Kwa dengi, siku za hatari mara nyingi ni zile homa inapoanza kuondoka. Mgonjwa akiumwa tumbo vikali, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au ufizini, au akilegea na kuwa hatulii, asingojewe asubuhi. Virusi vya dengi viko vya aina nne, na ukiugua wa aina moja hukingwi na nyingine kwa muda mrefu. Mara ya pili huweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Kwa hivyo yule anayesema "mimi nshaugua, nimeshamaliza" hajamaliza.

Watu hupenda kuona gari la kupuliza dawa likipita na moshi wake. Mimi pia naupenda, husaidia wakati wa mlipuko, lakini moshi ule huua mbu waliokuwa wakiruka saa ile. Huyu wetu yuko uvunguni, nyuma ya pazia, kwenye nguo zilizotundikwa mlangoni. Na mayai hayadhuriki. Kutoka yai mpaka mbu ni kama siku 7 hadi 10, basi wiki ijayo wapya watakuwa tayari.

Mayai ndiyo siri yenyewe. Jike hatagi majini. Hutaga ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, vidoa vyeusi kama masizi. Yakikauka yanaweza kungoja miezi. Ukimwaga maji ukajaza tena bila kusugua, umeyamwagilia tu. Ndiyo maana nilimwambia yule bibi asimwage maji yake aliyoyanunua kwa pesa. Angoje siku maji yako chini kabisa, kabla mwenye mkokoteni hajafika, ahamishie yaliyobaki kwenye mtungi kwa kuyachuja na kitambaa, kisha asugue pipa ndani kwa nguvu, hasa pale maji yanapoishia. Mara moja kwa wiki, siku ile ile. Alichagua Alhamisi, ili Ijumaa imkute na maji mapya.

Wiki mbili baadaye nilipita tena. Alikuwa ameacha brashi ya dukani, anasugua kwa kumbi la nazi, na pipa amelifunika leso kuukuu iliyokazwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Leso ilikuwa imelegea katikati, inagusa maji, nikamwomba aivute, kwa kuwa hapo pia mbu angepata pa kutaga. Akaivuta. Kisha akaniuliza: "Na wewe kwako wasugua?"

Nyumba yangu ni ghorofa, na tangi letu liko juu ya paa. Kifuniko chake kilichukuliwa na upepo wa kusi mwezi wa Mei. Ufunguo wa kupandia anao mlinzi, na mlinzi asema hawezi kufungua bila ruhusa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hashiki simu. Nimeomba mara tatu. Kesho baada ya alfajiri nashuka kwa mlinzi tena, na tochi mkononi.